Jicho Hutangulia, Shingo Hufuata

Asubuhi moja kituoni Buguruni, mama muuza ndizi alikuwa akikatiza kati ya daladala na sinia lake kichwani. Konda mmoja akamwita kwa nyuma, "Mama ndizi! Mama ndizi!" Watu waliokuwa karibu nami wakageuka kumtazama aliyeita, kila mmoja kwa namna tunavyogeuka sote: macho yakaruka, shingo ikafuata, mwili ukabaki ulipokuwa. Mama yule hakupinda shingo hata kidogo. Macho yake yalikwenda pembeni kwanza, kisha mabega, kiuno na miguu vikazunguka kwa pamoja kama nguzo moja, na sinia juu ya kata halikuyumba. Alipomwona konda, kichwa chake kilikuwa kimenyooka juu ya uti wa mgongo vilevile kama kabla hajaitwa.

Daladala yangu ilinipita nikiwa bado namtazama.

Ubebaji wa kichwani umewahi kupimwa na wanasayansi, tena hapa kwetu. Mwaka 1986 Profesa Geoffrey Maloiy wa Nairobi na wenzake walichapisha katika jarida la Nature vipimo walivyofanya kwa wanawake wa Kenya: Waluo wanaobeba kichwani na Wakikuyu wanaobeba mgongoni kwa mkanda unaopita kwenye paji la uso. Waligundua kwamba wanawake hao waliweza kutembea na mzigo wa hadi moja ya tano ya uzito wa miili yao bila kutumia nguvu ya ziada iliyopimika. Watafiti wale waliangalia pumzi na mwendo. Mimi pale Buguruni nilishikwa na shingo. Mama yule hakuwa na muda wa kupanga kwamba, kwa kuwa shingo leo haipatikani, kiuno na miguu vishike zamu yake. Aliitwa, akageuka. Nani basi aligawa kazi?

Nimekuwa nikiliuliza swali hili kwa miaka mingi, kwa sababu ya mjomba wangu ambaye nitamweleza mbele. Wanaosomea ubongo wamelihangaikia kwa zaidi ya nusu karne, na jibu lao limekuwa likinipendeza kila ninapolirudia: ubongo, unapotaka kutazama, huagiza mahali pa kufika. Ni jicho, shingo au kiuno kitakachofanya kazi, hilo huamuliwa ngazi za chini, mwenye mwili asijue.

Tuanze na sababu ya kugeuka. Nyosha mkono mbele yako, tazama ukucha wa kidole gumba. Eneo la ukubwa huo, digrii mbili hivi, ndilo unaloliona kwa ukali wote. Nyuma ya jicho, kwenye retina, kuna kishimo kidogo ambamo seli za kuona zimesongamana kuliko mahali pengine popote, na picha yoyote inayotua nje ya kishimo hicho hufifia kadiri inavyokwenda kando. Herufi za gazeti hili zilizo vidole vinne kutoka neno unalosoma sasa huzioni vizuri. Unadhani unaziona kwa sababu ukizitaka tu, jicho limekwisha kufika. Macho ni kurunzi yenye mwanga mwembamba inayomulika huku na huku gizani, mara tatu hivi kwa sekunde, zaidi ya mara laki moja kwa siku.

Kila mmuliko mpya ni mruko. Jicho halitelezi taratibu kutoka neno hadi neno. Huruka, hutua, huruka tena. Mruko mdogo wa kusoma humalizika ndani ya milisekunde 30 hivi, na mruko mkubwa unaweza kupita digrii 500 kwa sekunde. Kwa nini basi dunia haionekani ikipita kama miti kwenye dirisha la basi? Mmarekani Raymond Dodge alilijaribu jambo hili mwaka 1900 kwa kitu ambacho kila nyumba inacho. Simama mbele ya kioo, tazama jicho lako la kushoto, kisha la kulia, kisha rudi. Hutayaona macho yako yakitembea hata mara moja. Mwite mtu asimame pembeni akutazame: yeye atayaona. Binti yangu alipolijaribu alirudi kwenye kioo mara tano, akikataa kuamini. Wakati wa mruko, ubongo hupunguza upokeaji wa picha, kisha hufungua tena jicho likishatua.

Mpaka hapo tumelizungumzia jicho peke yake, nalo peke yake halifiki mbali. Ndani ya tundu lake linaweza kuzunguka digrii 50 na ushei kila upande, na hata kabla ya hapo hukaa kwa taabu. Jaribu kutazama pembeni kabisa bila kugeuza kichwa, uhesabu mpaka kumi, utaona misuli inavyolalamika. Ndiyo maana kitu kikiwa karibu, jicho humaliza kazi lenyewe, lakini kikizidi digrii 20 hivi, kichwa nacho huingia kazini.

Sasa fikiria tofauti ya viungo hivi viwili. Jicho lina uzito usiofika gramu 8, limelala ndani ya mafuta laini, linavutwa na misuli sita iliyo miongoni mwa misuli yenye kasi zaidi mwilini. Kichwa kina kilo 4 na nusu hivi, kinashikiliwa na misuli ya shingo zaidi ya jozi 20. Kuvipa amri moja ni kama kuwasha taa ya kijani mbele ya bodaboda na lori la mchanga. Zote zimeruhusiwa sekunde ileile; bodaboda imeshavuka makutano wakati lori linaingiza gia ya kwanza. Emilio Bizzi, Mwitaliano aliyefanya kazi Marekani katika chuo cha MIT, alipima jambo hili kwa nyani pamoja na wenzake na kulichapisha mwaka 1971 katika jarida la Science. Kwa kutazama tu, jicho lilianza na kichwa kikafuata. Lakini umeme wa misuli ya shingo ulionyesha kwamba shingo ilikuwa imekwisha kupata amri takriban wakati uleule na jicho. Ilichelewa kwa uzito wake tu.

Tupunguze mwendo tukitazame kitendo kizima. Umekaa kibarazani unatazama mbele. Mtu anabisha hodi upande wa kulia, mbali kidogo. Robo ya sekunde haijaisha, macho yameruka kulia na karibu yamefika mwisho wa nafasi yake. Kichwa ndiyo kwanza kinaanza. Macho yanampata mgeni, lakini kichwa bado kinakwenda, na jicho lililobaki limebanwa kwenye pembe lingebebwa na kichwa likampita mgeni likatazama ukuta. Halibebwi. Linaanza kurudi kushoto ndani ya tundu lake, kwa kasi ileile ambayo kichwa kinakwenda kulia, hata kichwa kinaposimama macho yamerudi katikati na mgeni hajatoka kwenye kishimo cha retina hata kidogo. Wewe ulichohisi ni kwamba umegeuka ukamwona shemeji.

Anayelirudisha jicho ni sikio. Ndani ya fupa la sikio, pembeni ya sehemu ya kusikia, kuna mifereji mitatu ya nusu duara kila upande, imejaa majimaji na imepangwa kama kuta mbili na sakafu zinapokutana kwenye kona ya chumba. Kichwa kikizunguka, majimaji hubaki nyuma kidogo na kupinda vinyweleo vya seli zilizomo. Taarifa hiyo huingia kwenye shina la ubongo na kutoka tena kwenda kwenye misuli ya jicho kwa kupitia seli tatu tu za neva, moja ikimpasia mwenzake. Safari nzima huchukua milisekunde zisizozidi 10 hivi. Njia ya kuona, kwa kulinganisha, inahitaji kama milisekunde 100 kabla haijalielekeza jicho upya, na katika muda huo picha ingekwisha kuvurugika.

Hili unaweza kulithibitisha sasa hivi ukiwa na gazeti mkononi. Litikise gazeti kushoto na kulia upesi huku kichwa kimetulia: maandishi yanageuka ukungu. Sasa litulize gazeti, utikise kichwa kwa kasi ileile kama mtu anayekataa jambo. Unaendelea kusoma. Mwendo ni uleule, umbali ni uleule. Tofauti ni kwamba mara hii mifereji ya sikio ilikuwa na habari.

Hapa ndipo penye utamu wa somo lote, na ninamwomba msomaji asiharakishe. Ikiwa sikio kila mara hulisukuma jicho kinyume cha kichwa, basi kugeuza kichwa hakungemsaidia mtu kutazama popote. Ungezungusha shingo kulia, macho yangekwenda kushoto kwa kiasi hichohicho, na ungebaki unatazama mahali palepale. Kile kinachotulinda tukiwa safarini kingetufunga tukitaka kugeuka. Kwa muda mrefu baadhi ya watafiti waliamini kwamba mambo hujumlika tu: jicho lina mpango wake wa mruko, kichwa kina mwendo wake, sikio huondoa mchango wa kichwa. Kwa miruko midogo hesabu hiyo inakubali. Kwa mikubwa ilikataa. Mwaka 1986 Laurutis na David Robinson wa Johns Hopkins waliwafanya watu wageuke upesi kwenda mbali, kisha katikati ya safari wakakizuia kichwa ghafla kwa muda mfupi. Kama jicho lingekuwa na safari iliyokwisha kukatwa tangu mwanzo, macho yangetua pasipo. Yalitua panapotakiwa. Kichwa kilipochelewa, jicho liliongeza muda wa safari yake. Mwaka uliofuata Daniel Guitton na Michel Volle wa Montreal walionyesha kwa watu wanaotazama vitu vilivyo nje kabisa ya nafasi ya jicho kwamba msukumo wa sikio hupunguzwa mruko mkubwa unapoendelea, kisha hurejeshwa macho yanapokaribia kutua.

Baadaye Jefferson Roy na Kathleen Cullen walikuja kuzisikiliza seli zenyewe, kwenye shina la ubongo la nyani. Zipo seli zinazopokea habari za mifereji ya sikio ambazo huongea kwa nguvu kichwa kinapozungushwa na mtu mwingine, lakini hupunguza sauti mnyama anapogeuka kwa hiari yake. Tofauti hiyo tunaiishi kila siku bila kuipa jina. Dereva akikanyaga breki ghafla, kichwa kikarushwa, macho hushikilia pale yalipokuwa. Ukigeuka mwenyewe kumtafuta konda, macho huachiwa yaende. Ubongo unajua nani aliyekisukuma kichwa, kwa sababu amri ya kukigeuza ilipotumwa shingoni, nakala yake ilibaki nyumbani.

Amri yenyewe hutoka wapi? Ziko sehemu kadhaa, nyingine kwenye ubongo wa mbele, lakini kuna moja ninayotaka tuitembelee. Nyuma ya shina la ubongo, upande wa juu, vimejitokeza vivimbe vinne kama vilima vidogo, viwili juu na viwili chini. Waliovipa majina kwa Kilatini waliviita hivyo hasa: vilima vidogo. Viwili vya juu ni ramani. Kilima cha kulia kina ramani ya upande wa kushoto wa dunia, na cha kushoto ramani ya kulia. Mbele ya ramani pameandikwa, kwa lugha ya seli, safari fupi. Kadiri unavyorudi nyuma, safari hurefuka. Mwaka 1972 Robinson, ambaye alikuwa mhandisi kabla ya kuwa mtaalamu wa macho, alichapisha alichokipata kwa kupitisha umeme mdogo katika ramani hiyo kwa nyani walio macho. Aligusa pointi moja, jicho likaruka umbali fulani upande fulani. Akagusa nyingine, likaruka kwingine.

Kasoro ilikuwa moja, nayo ilikaa miaka mingi. Katika maabara nyingi vichwa vya wanyama vilikuwa vimefungwa visitikisike, kwa sababu vyombo vya kupimia vilidai hivyo. Ukimfunga mnyama kichwa, utakachoona kikisogea ni jicho tu, na ni rahisi kuamini kwamba ramani ile ni ya jicho. Edward Freedman, Terrence Stanford na David Sparks walipovifungua vichwa vya nyani wao na kuchapisha matokeo mwaka 1996, hadithi ilibadilika. Waligusa pointi ileile ya kilima kwa umeme uleule. Jicho lilipokuwa limeanzia katikati ya tundu lake, lilibeba sehemu kubwa ya safari. Lilipokuwa limeanzia upande ule linakokwenda, likiwa na nafasi ndogo iliyobaki, kichwa kiliongeza mchango wake. Migawanyo ilitofautiana, jumla, yaani mahali macho yalipotua, ilibaki takriban ileile. Pointi ya kwenye kilima haikuwa imesema "jicho digrii kadhaa, shingo digrii kadhaa." Ilikuwa imesema "kule."

Niliposoma hilo mara ya kwanza nilimkumbuka bibi yangu aliyekuwa akituma watoto dukani. Hakusema nani abebe kikapu wala tupite njia gani. Alisema chumvi, na chumvi ilifika.

Chini ya kilima, kwenye shina la ubongo, amri hugawanywa. Zipo huko seli ambazo hupiga kengele mfululizo muda wote macho yametulia, zikiwazuia wapigaji wa mruko wasianze. Amri ikifika, hunyamaza, lango hufunguka, mruko hutoka. Macho yakitua, huanza tena. Misuli ya shingo ina njia zake za kando na haingoji kila mara lango hilo, ndiyo maana kichwa wakati mwingine huanza kujongea kabla jicho halijaruka. Nao ubongo mdogo, ule wa kisogoni, hukagua matokeo na kusahihisha. Aliyewahi kuvaa miwani mipya yenye nguvu anaijua kazi yake: siku za mwanzo ukigeuza kichwa sakafu inaelea, kwa kuwa lenzi imebadilisha kiasi ambacho jicho linapaswa kurudi. Baada ya siku kadhaa inatulia. Miwani ni ileile. Hesabu ya ndani ndiyo iliyopangwa upya.

Ushahidi ninaoupenda kuliko wote, hata hivyo, haukutoka kwa nyani. Mwaka 1997 Iain Gilchrist, Valerie Brown na John Findlay, waliokuwa Durham nchini Uingereza, walieleza habari za mwanamke kijana ambaye misuli ya macho yake haikuwahi kufanya kazi tangu alipozaliwa. Macho yake hayakuweza kuzunguka. Alikuwa akisoma vitabu na kuishi kama wengine. Walipopima mwendo wa kichwa chake wakati anasoma au kutazama picha, hawakukuta kichwa kinachoteleza taratibu juu ya mistari, ingawa shingo ingeweza kabisa kufanya hivyo. Kichwa chake kiliruka na kutua, kikaruka na kutua. Shingo ilikuwa imejifunza mwendo wa jicho. Jicho halikuwepo kazini, lakini kazi ilifanywa vilevile.

Mfugaji wa kuku analijua jambo linalofanana na hilo tangu utotoni. Mshike kuku kiwiliwili kwa mikono miwili, umsogeze mbele na nyuma polepole: kichwa kinabaki kimening'inia hewani palepale, kana kwamba kimepigiliwa msumari. Macho ya ndege wengi hayazunguki sana, basi shingo ndefu hufanya kazi ya jicho. Hata kule kudonoa hewa kwa njiwa anapotembea ni kazi hiyo: kichwa hutupwa mbele, husimama kikiangalia, mwili hukifikia, hutupwa tena. Barrie Frost wa Kanada aliwaweka njiwa mwaka 1978 juu ya mkanda unaokwenda, wakatembea bila kusonga mbele, dunia ikiwa imesimama machoni mwao. Wakaacha kutikisa vichwa.

Kwa binadamu mgawanyo hutofautiana hata kati ya ndugu wawili. Wako watu ambao kitu kikienda kando kidogo tu, kichwa kizima huenda nacho. Wengine hutazama nusu ya chumba kwa macho peke yake, na pwani wanaweza kusingiziwa kwamba wanakata jicho. Mtu anaweza kukaa upande mmoja maisha yake yote. Miwani yenye nguvu za ngazi ngazi, ya mbali juu na ya karibu chini, humlazimisha mtu wa macho awe mtu wa shingo, na hilo ni moja ya mambo yanayoifanya isumbue siku za mwanzo. Michael Land wa Sussex aliwapima madereva kwenye makutano ya barabara mwaka 1992 na kuona kwamba jicho na kichwa hutembea kwa uhusiano unaotabirika, kama watumwa wa bwana mmoja. Na wapenzi wa soka watazame kiungo mzuri sekunde chache kabla hajapokea pasi: kichwa kinageuka kuacha mpira, kushoto, kulia, nyuma ya bega, kisha kinarudi. Geir Jordet wa Norwei amewapiga picha wachezaji wengi wakifanya hivyo, na ameona kwamba wanaokagua zaidi kabla ya mpira kufika ndio wanaofikisha pasi zaidi. Tukisema mchezaji fulani ana macho kisogoni, tunaisifu shingo yake.

Nilisema nitamweleza mjomba.

Aliishi Korogwe, alikuwa fundi cherehani, na miaka ya themanini aliugua kifua kikuu. Wakati ule dawa za miezi ya kwanza zilikuwa pamoja na sindano ya kila siku ya streptomaisini. Dawa hiyo iliokoa watu wengi mno, na Afrika Mashariki ina nafasi yake katika historia hiyo: majaribio ya mwanzoni mwa miaka ya 1970 ya kufupisha tiba hadi miezi sita yalifanywa kwa wagonjwa wa hapa, streptomaisini ikiwa mojawapo ya dawa zilizopimwa, na mpango wa kitaifa wa Tanzania ulioanza mwaka 1977 ulikuja kuwa mfano kwa nchi nyingi. Mjomba alipona mapafu. Lakini dawa za jamii hiyo zinaweza kuua vinyweleo vya seli za sikio la ndani, na vikifa havioti tena. Hakuna aliyemwambia, wala mwenyewe hakuwa na neno la kulielezea. Aliniambia, "Mjomba, siku hizi barabara inaruka." Akisimama, aliona vizuri. Akitembea, nyuso za watu zilitikisika asiweze kumtambua mtu mpaka asimame. Usiku bila taa alipapasa ukuta. Mtaani walisema ameanza kunywa. Mtu ambaye hakuwahi kuonja pombe maishani mwake alizeeka na sifa hiyo, nami mpaka leo linaniuma, kwa kuwa maelezo yalikuwepo tayari, yamechapishwa kabla mimi sijazaliwa.

Mwaka 1952 daktari mmoja aliandika katika jarida la tiba la New England, akisaini kwa herufi J.C. tu. Alikuwa ametibiwa kifua kikuu cha goti kwa streptomaisini, na akapoteza mizani ya masikio yote mawili. Alieleza kwamba ili asome kitandani ilimbidi akibane kichwa kati ya vyuma viwili vya kichwani mwa kitanda, kwa sababu mapigo ya moyo wake mwenyewe yalitosha kuyafanya maandishi yaruke na kufifia. Mapigo ya moyo! Kichwa cha kila mmoja wetu hutikiswa na mapigo hayo mchana na usiku, na jicho hulipa deni hilo kila pigo bila sisi kujua. Kutembea alikufananisha na kutazama filamu iliyopigwa na mtu anayekwenda barabarani na kamera kifuani. Mjomba hakuwahi kuona filamu ya namna hiyo. Angeelewa sentensi hiyo kuliko yeyote.

Sindano hizo zimepungua. Kwa kifua kikuu sugu, Shirika la Afya Duniani liliamua mwaka 2018 kwamba dawa za kumeza zitangulizwe, na mbili kati ya sindano zilizozoeleka zikaacha kupendekezwa. Gentamaisini, ndugu yao, bado ni dawa ya kawaida na ya lazima hospitalini, na mgonjwa anayepewa kwa siku nyingi ana haki ya kuulizwa swali dogo: ukitembea, dunia inatulia?

Kuna njia ya kulipata jibu bila hata kuuliza. Mwaka 1988 Michael Halmagyi na Ian Curthoys wa Sydney walieleza kipimo kisichohitaji chombo chochote. Mgonjwa anamtazama daktari puani. Daktari anakishika kichwa kwa mikono miwili na kukigeuza kidogo kwa kasi, upande mmoja, bila kutangaza. Sikio likiwa zima, macho hubaki puani kana kwamba hakuna kilichotokea. Sikio likiwa limekufa, macho hubebwa na kichwa, yanaipoteza pua, kisha huruka kuirudia, na mruko huo mdogo daktari anauona kwa macho yake. Ni kazi ya aliyefundishwa. Shingo ya mtu si kitu cha kujaribiwa sebuleni.

Kipimo hicho kimekuja kuwa na matumizi ambayo waanzilishi wake hawakuyalenga. Mtu anafikishwa hospitali na kizunguzungu kilichomwanza ghafla, kimedumu saa nyingi, anatapika, hawezi kusimama. Huenda ni neva ya sikio iliyovimba, na atapona. Huenda ni kiharusi cha ubongo mdogo, na anaweza kufa usiku. Mwaka 2009 Jorge Kattah na wenzake wa Marekani walichapisha vipimo vya wagonjwa 101 wa namna hiyo waliokuwa na hatari ya kiharusi. Waliunganisha kipimo cha Sydney na mambo mengine mawili yanayosomwa machoni, kazi ya dakika chache kando ya kitanda. Hakuna kiharusi kilichowaponyoka. Mashine ya MRI, ilipotumika katika saa za mwanzo, ilivikosa asilimia 12.

Na kanuni yake huwashangaza madaktari wanafunzi. Mgonjwa wa aina hiyo ambaye macho yake yanaachia pua na kuirukia tena, daktari hupumua: kosa liko sikioni. Anayetisha ni yule anayeyumba na kutapika, lakini kichwa kikizungushwa macho yake yanabaki puani, yametulia barabara. Sikio lake ni zima, na kizunguzungu kinatoka juu zaidi. Huyo ndiye wa kuitiwa machela.